Mistari Kumi na Mmoja Mitupu

Yogyakarta, 4 Septemba 1994

Mbuk Hosniyah, dada yangu,

Assalamu alaikum. Huku tu wazima. Mume wangu Fathor bado anafundisha hesabu na bado anavaa soksi mbili za rangi mbili, na nikimwambia ananijibu kwamba miguu yake haijalalamika. Goti lako je? Kiai mumeo na wasichana wa pondoni, chuo chenu cha bweni, hawajambo? Komariyah wetu, bintiyo, anaionaje ndoa? Mwambie mimi mama yake mdogo namdai picha ya harusi.

Sasa nikupe jambo lililonikosesha raha. Wiki iliyopita nilikitoa kile kitabu cha ndoa tulichosomeshwa na Baba. Nilikuwa nakifasiri upya na wanawake wenzangu watano, na nilitaka kuona Baba alikisemaje kwa Kimadura. Unakumbuka tulivyokaa nyuma ya pazia, yeye akisoma neno la Kiarabu na kulisema kwa lugha yetu, nasi tukiitundika maana chini ya kila neno, kwa mshazari, mpaka vidole vinakufa ganzi. Nakala yangu bado ina doa la siki ya rujak, ile saladi yako ya matunda.

Nayo ya Fathor ninayo, maana alisoma kwa Baba upande wa wavulana. Nikaziweka mezani ubavu kwa ubavu. Mbuk, katika mlango wa haki za mke, kwenye nakala yangu kuna mistari kumi na mmoja mitupu. Kiarabu kipo, chini yake hakuna kitu. Nimekumbuka Baba alivyosema, "Hii ni ya makadhi, geuzeni ukurasa." Kwenye nakala ya Fathor imejaa wino. Na inasema nini? Inasema mke anayedhulumiwa ana haki ya kwenda kwa kadhi na kudai afunguliwe ndoani, na ni dhulma ipi, na mashahidi gani. Wavulana walipewa. Sisi tulipewa utiifu, kurasa nzima, bila neno moja kurukwa.

Wewe ndiye unayekaa alipokaa Baba. Ramadhani ijayo, ukifika pale, usigeuze ukurasa. Wasomee. Hilo tu ndilo ombi langu.

Mdogo wako,
Ulfatun


Talang Bato, Sumenep, 9 Oktoba 1994

Ulfatun mdogo wangu,

Waalaikumu salamu. Barua yako ilinikuta mikono myeusi kwa utomvu wa tumbaku, ikakaa juu ya kabati wiki tatu. Usinune. Mvua ilitutisha mara mbili tukakimbia na matandiko ya mianzi ya kuanikia majani kama watu waliovamiwa. Goti liko palepale, halina pa kwenda. Kiai hajambo. Wasichana ni arobaini na wawili mwaka huu.

Komariyah alikuja, akakaa siku tisa. Amekonda kidogo, nadhani maji ya Pamekasan kwa mumewe hayajamkubali. Alikaa nasi kupanga tumbaku, na wale wanawake unawajua midomo yao. Bu Tima akamwambia, "Bibi harusi, umerudi kuhesabu kuku wa mama yako? Au mume anakoroma?" Mtoto akacheka pamoja nao. Alirudi huko kwa mumewe Ijumaa.

Kuhusu ombi lako. Unaijua sheria ya kazi hii kuliko unavyojifanya. Mtu hatundiki maana asiyoisikia kwa mwalimu, naye mwalimu aliisikia kwa mwalimu wake, mpaka huko juu. Mistari ile sikuisikia kwa Baba. Nisichokisikia sikisemi. Nikianza kutundika ya kichwani mwangu, kesho kila mwenye kalamu atatundika yake, na kitabu kitakuwa gulio.

Mwambie Fathor anunue soksi.

Dada yako,
Hosniyah


Yogyakarta, 20 Novemba 1994

Mbuk,

Salamu nyingi. Fathor amenunua soksi, pea tatu za rangi moja, sasa anapoteza mojamoja.

Hukuisikia. Sawa. Lakini Kiarabu unakijua kunizidi. Baba mwenyewe alikuwa akikuita jikoni umtafutie neno, kisha akirudi mbele ya watu analisema kama lake. Ukiisoma mistari ile unaielewa kabla sijafungua kamusi. Kwa hiyo usiniambie huwezi. Sema hutaki.

Sisi sita tunafanya kazi hivi: kila tunapoamua neno, anayeliamua anaandika jina lake pembeni na sababu yake. Wakubwa wanatucheka. Bwana mmoja alituambia mfasiri mzuri haonekani. Nikamjibu, mpishi naye haonekani chumbani kwa wageni, lakini chumvi haijitii yenyewe chunguni. Kuna mkono. Baba alipogeuza ukurasa alikuwa anafasiri, Mbuk, tena huo ndio ulikuwa ufasiri wake mzito kuliko wote. Mimi ninachotaka ni mkono uonekane.

Na usiniambie ni mila. Mila ipi inayowapa wavulana mlango na kuwapa wasichana ukuta? Nampenda Baba. Kaburi lake ndilo la kwanza ninalolizuru nikija. Lakini alitunyima.

Tunatarajia kuchapa mwezi wa tatu. Mwambie Komariyah ale.

Ulfatun


Talang Bato, 15 Januari 1995

Ulfatun,

Assalamu alaikum. Mvua sasa inanyesha kama imekodishwa. Paa la upande wa wasichana linavuja sehemu nne, tumeweka ndoo, wanasoma kwa mdundo.

Unaandika vizuri, hilo sikunyimi. Lakini jiulize unamwandikia nani. Kitabu chenu ni cha Kiindonesia, cha watu wa vyuo vikuu. Msichana wa hapa akikipata atakisoma kama anavyosoma gazeti lililofungiwa karanga, kwa sababu hakuna mwalimu nyuma yake. Kwetu neno huwa neno likitoka mdomoni mwa mtu unayembusu mkono. Unaliita ukuta. Mimi na wewe tulijifunza kusoma nyuma ya pazia lile, na pazia hilo ndilo lililotunoa masikio.

Komariyah alikuja tena mwezi wa Rajabu. Hakuleta habari, alishuka tu kwenye basi barabarani akatembea na furushi lake la nguo. Alivaa mikono mirefu hata jikoni, hata wakati wa kukuna nazi. Alikaa siku kumi na nne. Kiai akasema, "Ukimwamsha aliyelala, utalala wewe. Mrudishe kabla hawajaja kumtaka." Unajua baba mkwe wake ni nani. Nusu ya wasichana wangu wanaletwa kwa neno lake. Basi nilimrudisha mimi mwenyewe, kwa heshima, na vikapu viwili vya vitumbua. Mama mkwe wake alitupokea vizuri, akiniita Nyai kama wanafunzi wangu. Alisema, "Mtoto wa Nyai, si wa kwetu? Ana kiburi cha kusoma tu, kitaisha."

Nikuulize jambo dogo. Hao wanawake wako sita, mwanamke akiwajia huko Yogyakarta, wanamlaza wapi? Nauliza tu.

Hosniyah


Yogyakarta, 27 Machi 1995

Mbuk Hosniyah, dada yangu mpenzi,

Kwanza unisamehe. Barua yako ilifika Ramadhani ikanikuta nasahihisha kurasa za chapa, kisha Idi, kisha Jakarta, kisha Semarang. Idi njema iliyochacha. Fathor anakusalimu.

Kimetoka, Mbuk. Jalada la kijani, majina yetu sita nyuma. Ukumbini walijaa watu mpaka wengine wakakaa chini. Kiai mmoja mzee, sheikh mwenye kilemba, alisimama akasema tunawafundisha wake za watu uasi. Nikamsomea mistari ile kumi na mmoja kwa Kiarabu, bila kufasiri neno, nikamuuliza, "Je, Kiai, haya tumeyatunga sisi?" Akakaa. Watu wakapiga makofi. Natamani ungekuwepo.

Nakutumia nakala tano. Moja nimeandika jina la Komariyah ndani. Mwambie ukurasa wa themanini na nne.

Uliuliza wanalala wapi. Hatuna nyumba, Mbuk. Tuna meza, taipureta mbili na jiko la mafuta. Kwa nini uliuliza?

Ulfatun wako


Talang Bato, 9 Aprili 1995

Ulfatun,

Vitabu vimefika Jumatano. Komariyah tulimzika Jumatatu. Leo ni siku ya saba.

Wanasema aliteleza kisimani. Kisima chao kina ukingo wa mawe na kilikuwa kimelowa. Wanasema hivyo wote, kwa maneno yaleyale, na Kiai amesema tuseme hivyo na sisi.

Walimleta kwa gari. Nilimwosha mwenyewe. Bu Tima alinishikia maji, akaanza kusema, nikamwambia, "Mimina tu." Nilichokiona sitakiandika, na wewe usiniulize.

Mimba ilikuwa ya miezi minne.

Vitabu nimevifungia kabatini. Usije sasa. Nyumba imejaa watu wa upande ule na siuamini mdomo wako.

Hosniyah


Yogyakarta, 24 Aprili 1995

Dada,

Inna lillahi. Nimeanza barua hii mara sita.

Nilikuja. Ulinikataza nikaja hivyohivyo. Nilipanda basi mpaka Surabaya, nikafika kwenye kivuko, nikakata tiketi, nikakaa kwenye benchi nikiangalia watu wa Madura wakipanda na kuku na magunia yao. Feri tatu ziliondoka. Kisha nikarudi. Sikuogopa watu wa upande ule. Nilikuogopa wewe, kwa sababu kuna jambo sijakwambia.

Komariyah aliniandikia. Ilikuwa Desemba, atakuwa aliiandika akiwa kwako wakati ule alipokaa siku kumi na nne. Mistari mitatu, kwa penseli. Ninayo hapa: "Mama mdogo, ile mistari kumi na mmoja isiyotundikwa, inasema nini? Darasani Mama hutuambia tugeuze ukurasa. Nijibu upesi, ukiweza, kupitia nyumbani kwa Mama."

Sikumjibu. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Niliwasomea wenzangu mezani, nikasema mnaona, wasichana wenyewe wanauliza. Nikasema kitabu kinatoka karibuni, nitamtumia kitabu kizima, kwa herufi za chapa, na maelezo, kuliko karatasi ya haraka. Nilitaka apate kitu kilichokamilika. Pia niliogopa barua yangu isije ikafunguliwa na wakwe zake. Hapana. Hiyo ya pili nimeibuni sasa hivi ninavyokuandikia.

Ingenichukua robo saa. Ningeandika: unaweza kwenda kwa kadhi, njoo kwangu, hii hapa nauli. Ulipouliza wanamlaza wapi, nilikuwa na sebule, Mbuk. Nilijibu kuhusu taipureta.

Wenzangu wanataka chapa ya pili iwekwe jina lake mbele, kwamba kitabu ni kwa ajili yake. Nimewaambia nitakuuliza. Je, utanisamehe? Usijibu hili la mwisho kama linakuumiza.

Ulfatun


Talang Bato, 30 Agosti 1995

Ulfatun mdogo wangu,

Waalaikumu salamu. Nimekaa na barua yako miezi minne. Tumbaku imeingia, mwaka huu majani ni makubwa. Goti sasa linakataa kusujudu, nasali nimekaa. Bu Tima amepata mjukuu wa kike. Kiai hajambo.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Basi nisikie, nisirudie mara ya pili.

Nilikuandikia kwamba mistari ile sikuisikia. Niliisikia. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nafagia upande wetu baada ya darasa, na Baba akaanza na wavulana upande wa pili wa pazia. Nilisimama na ufagio mpaka akamaliza. Aliisoma yote, polepole, kama alivyosoma kila kitu. Nilikwenda nayo jikoni kichwani, nikaikariri nikipepeta mchele, na mpaka leo naweza kukusomea kwa sauti yake. Mwalimu nilikuwa naye. Sheria haikunizuia hata siku moja.

Unataka kujua kwa nini basi. Niliolewa na miaka kumi na sita. Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Maneno yale nikiyatamka mbele ya wasichana, nami nitayasikia, na nitalazimika kujiuliza miaka hii thelathini nilikuwa nangoja nini. Nilichagua kutoyasikia.

Januari, asubuhi ya kumrudisha, tulikuwa jikoni tunapanga vitumbua. Komariyah alileta kitabu chake, akakiweka karibu na sufuria.

"Mama, hapa panasema nini?"

"Ni ya makadhi."

"Najua ni ya makadhi. Inasema nini?"

"Si yetu, mwanangu. Funika vitumbua, nzi."

"Wewe unajua, Mama. Nakuona unajua."

Nikamwambia basi litatuacha. Akafunika vitumbua.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo wakati namwosha.

Baada ya Idi ya Haji niliwaita wasichana, siku ambayo Kiai alikuwa Sumenep mjini. Nikafungua mlango ule. Nikasoma mstari wa kwanza, nikasema maana yake kwa Kimadura, hawakuandika. Msichana mmoja, Sahriyah, binti wa watu wa chumvi, akasema, "Nyai, hii tuliambiwa tugeuze." Nikamwambia, "Andika. Nimeisikia kwa baba yangu." Ndipo kalamu zikaanza. Tulimaliza yote kumi na mmoja kabla ya adhuhuri. Nilidhani nitajisikia mwepesi. Nilisikia njaa tu.

Kiai alijua kabla ya kuvua viatu. Hakunipigia kelele. Keshoye aliwapelekea wembe, kama tunavyofanya mtu akikosea kutundika, akasema Nyai amekosea kwa ajili ya msiba, mkwangue. Wakakwangua. Walikwangua vizuri, mimi ndiye niliyewafundisha. Zile karatasi za njano ni nyembamba, sasa pale mahali unaona maneno ya upande wa pili. Baba mkwe wa marehemu alituma salamu, na kufika mwisho wa mwezi wasichana kumi na tisa walikuwa wamechukuliwa na baba zao. Sahriyah alikuwa wa kwanza. Ameshachumbiwa.

Kitabu cha ndoa sikifundishi tena. Anakisomesha mpwa wake Kiai, kutoka upande wa pili wa pazia. Mimi nimeachiwa kuwafundisha kuosha maiti.

Ile nakala ya Komariyah ya darasani wakwe zake hawakuirudisha. Niliomba mara moja. Walisema hawajaiona.

Vitabu vyako vitano bado vimo kabatini. Nimekisoma kimoja. Ukurasa wa themanini na nne mmefasiri sawasawa. Na mahali mlipoandika majina yenu pembeni nimepaelewa sasa, mnasema ni nani aliyefanya. Ni vizuri. Haimsaidii mtu hapa, lakini ni vizuri.

Umeniuliza kama nakusamehe. Mdogo wangu, hilo unamuuliza nani? Wewe ulichelewesha jibu, mimi nililimeza likiwa mdomoni, kisha nikamshika mkono nikampeleka. Sina msamaha wa kugawa.

Kuhusu jina lake. Usiliweke. Kiai akiliona nitafungiwa mlango, na umri huu sina pa kwenda, na sebule yako nimechelewa kuijua. Watu watasema ukoo wetu unauza maiti yake. Hiyo ndiyo amri yangu kama dada yako mkubwa.

Lakini nakujua, amri zangu hukuzishika tangu tuko wadogo. Kama mkono wako utashindwa kujizuia, basi usiandike kwamba alikuwa mvumilivu, maana kila anayekuja kutupa pole anasema hivyo. Na usiandike kwamba hakujua haki yake, kama wanavyoandikwa wasichana wa huku. Andika kwamba aliuliza. Aliuliza mara mbili, na wote wawili aliowauliza walikuwa na jibu.

Dada yako,
Hosniyah